Kusomewa: Sauti ya Mwalimu wa Kiswahili katika Ufuo wa Ziwa Viktoria

Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya jiji la Kisumu. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 54 na nakala 11 za Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo. Idadi hiyo naikumbuka vyema kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuzikusanya nakala hizo baada ya kila kipindi na kuzirudisha kabatini. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache tu astaafu, hakuona namna ya kugawa vitabu 11 kwa watu 54 pasi na kuzua vita. Alisimama karibu na dirisha, akaifungua riwaya, akatusomea. Alitusomea kwa muhula mzima na nusu ya muhula uliofuata. Hakukatiza usomaji ili aeleze msamiati. Alisubiri hadi mwisho wa sura. Alipofika penye mazungumzo aliibadilisha sauti kidogo tu, kiasi cha sisi kujua ni nani anayesema. Mvua ya alasiri ilipopiga mabati, kama ipigavyo huku kwetu ziwani, alinyamaza akangoja, nasi tukangoja naye, na hapakuwa na aliyefurahia kukatizwa huko.

Mwaka uliofuata shule ilinunua nakala zaidi. Kila wanafunzi wawili wakapata kitabu kimoja, na usomaji ule ukakoma siku iyo hiyo. Tuliambiwa tukasome nyumbani. Wengi wetu hatukusoma. Tulinunua miongozo, tukakariri sifa za wahusika kama zilivyoorodheshwa humo. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba lile nililolifaidi katika Kidato cha Tatu lilitokana na ufukara wa kabati, na kwamba lilipotea kabati lilipojaa.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitaja na nzito kuitekeleza. Mwalimu wa Kiswahili katika shule za upili za ufuo wa Ziwa Viktoria hana budi kuwasomea wanafunzi wake fasihi kwa sauti yake mwenyewe, jinsi ilivyo. Aidha, kinachomzuia kufanya hivyo kwa kiasi kikubwa ni aibu, ingawa sisi hupenda kusema ni muda.

Tuanze na istilahi, kwani wanafunzi wa sarufi hatuwezi kujizuia. Kitenzi soma hunyambulika kuwa somea, somewa, someana, someka, somesha, na kila mwaka tunawanyambulisha wanafunzi wetu mzizi huu ubaoni. Ajabu ni kwamba shule zetu zimejaa kauli ya kutenda na kauli ya kutendesha. Mwanafunzi husoma, mwalimu husomesha. Kauli ya kutendewa imeachiwa watoto wa madarasa ya chini kabisa, ambao mwalimu bado huwasomea hadithi, kisha inaachwa kama nepi. Kijana wa miaka 16 hasomewi. Inadhaniwa kwamba kusomewa ni haja ya asiyejua kusoma, na kwamba mtu akishajua herufi hiyo haja imekwisha.

Dhana hiyo haina mashiko. Kule Kuba, kuanzia mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara mjini Havana walichangishana fedha kutoka katika ujira wao ili wamlipe mtu aketi juu ya jukwaa na kuwasomea magazeti na riwaya wakiwa wanasokota tumbaku. Hawa walikuwa watu wazima wenye mikono yenye kazi. Sina haja ya kwenda mbali hivyo, lakini. Kila Jumapili katika makanisa ya Nyanza, na katika nyumba nyingi usiku, watu wazima wanaojua kusoma husomewa Biblia ya Kidholuo nao wakatulia. Nikiwa mtoto mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea nyanya yangu baada ya macho yake kufifia. Nilipokimbia kama mtu anayefukuzwa, alikuwa akiniambia nirudi nyuma nipumue mahali mwandishi alipopumua. Hakuwahi kukanyaga darasa la fasihi. Somo la alama za uakifishaji nililipata kwake.

Mfumo wetu wa tathmini una mchango mkubwa katika kuua kauli hii. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, lugha yetu ilipanda hadhi, na hakuna mpenzi wa Kiswahili atakayelaumu hatua hiyo. Hata hivyo, tazama ilivyopimwa. Karatasi ya Insha ina alama 40, ya Lugha alama 80, ya Fasihi alama 80. Kati ya alama hizo 200 za KCSE hakuna hata moja inayotolewa kwa kilichosikika. Mtahiniwa wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini akasikilizwa. Mtahiniwa wa Kiswahili aweza kumaliza miaka minne na kupata alama ya A bila mtu yeyote kuwahi kumsikia akisoma aya moja mpaka mwisho. Na kwa kuwa mwanafunzi hasikilizwi, mwalimu naye haoni kwa nini asikike.

Huko chini nako tulipopata bahati ya kuikumbuka sauti, tuliikumbuka kwa saa ya kupimia. Mradi wa Tusome, uliosambazwa kote nchini mwaka 2015, uliwasaidia watoto wengi kuyatambua maneno, na sitaki kuubeza. Kipimo chake cha ufasaha, hata hivyo, kilikuwa idadi ya maneno kwa dakika: maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ni ya haki, maana neno la Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi, cha njeo na cha mtendwa kwa pamoja. Lakini mtoto aliyezoeshwa kwamba kusoma kwa sauti ni mbio za dakika moja huja kidato cha kwanza akiamini kwamba anayesoma haraka ndiye anayesoma vizuri. Nimewasikia wengi. Wanafika kwenye nukta kama matatu inavyofika kwenye tuta la barabara.

Wapo watakaosema kwamba usomaji wa sauti bado upo katika shule za upili, kwa kuwa wanafunzi husoma kwa zamu. Mimi sioni kwamba hayo ni mamoja. Katika usomaji wa zamu, mwanafunzi wa dawati la nne huhesabu aya ili ajue ipi itakuwa yake, akaipitia kimoyomoyo kwa hofu, na wakati wote huo hasikii kinachosomwa. Akishasoma yake, hupumua na kuacha kusikiliza. Msomaji dhaifu hudhalilika mbele ya wenzake. Msomaji hodari huchoka kumngoja. Hadithi yenyewe hukatwakatwa vipande 20 vya sauti 20 na hakuna anayeishika. Mazoezi hayo yana faida zake, lakini ni mazoezi ya msomaji. Msikilizaji hapati kitu.

Nije sasa kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Mwaka 2019 nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja mjini Kisumu. Nilikwenda nikiwa nimedhamiria kufanya kama alivyofanya mwalimu wangu. Katika juma la pili, nikiwa na Kidato cha Pili, nilichukua hadithi fupi iliyohusu familia ya wavuvi nikasoma. Nadhani nilisoma vizuri kwa kurasa mbili. Kisha nikafika mahali ambapo baba alikuwa akivua samaki, nami nikatamka kwamba alikuwa akifua samaki.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asione uzito wake. Kidholuo hakina sauti /v/, wala /z/, wala ile tunayoiandika sh. Mdholuo anayejifunza Kiswahili hulazimika kuzijenga sauti hizi tatu kinywani mwake, na siku akichoka au akijawa na hofu, ulimi humrudisha nyumbani: shindano likawa sindano, zana ikawa sana, shaba ikawa saba. Siku hiyo nilikuwa na hofu. Darasani mlikuwa na kijana kutoka mtaa wa Kaloleni ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya. Yeye alicheka kwanza, na kicheko chake kikawaruhusu wengine. Mmoja aliigiza kwa mikono mtu anayefua samaki kwenye karai na kuwaanika kambani. Nilicheka pia, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Kwa majuma mawili baada ya hapo sikusoma tena. Niliwapa wanafunzi maswali ubaoni, nikawasomesha kwa zamu, nikaandika maelezo nao wakanakili. Katika daftari langu la maandalizi niliandika kwamba muda haukutosha. Huo ulikuwa uwongo. Nilipozungumza na wenzangu waliokuwa wakifanya mazoezi katika shule za Siaya na Homa Bay, na baadaye na walimu wa miaka mingi, niliwasikia wakitoa sababu ile ile ya muda kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia mimi. Mmoja tu ndiye aliyesema wazi. Alisema kwamba tangu alipoigizwa lafudhi na wanafunzi wa bweni hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko swali la ufahamu.

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Mtoto wa Lamu au wa Unguja asiposomewa darasani atakisikia Kiswahili cha mafumbo na vituo jikoni, barazani, msikitini, harusini. Mtoto wa Usenge au wa Mbita hana pengine. Kiswahili alicho nacho sokoni na kwenye matatu kinamtosha kununua na kuuza, na ni chema kwa shughuli hiyo. Lakini sentensi ndefu yenye vishazi vitatu, ile inayomngojesha msikilizaji hadi kitenzi cha mwisho, hataisikia Kibuye wala Kondele. Kama mwalimu hakuisoma, mtoto huyo ataiona kwenye karatasi tu, kimya, mfano wa samaki mkavu.

Na karatasi haisemi kila kitu. Neno barabara likitiwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ipitayo magari; likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili maana yake ni sawasawa. Umefika ni taarifa au ni swali kwa kutegemea kiimbo. Kuna na jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wapenzi wa ushairi. Wanafunzi wetu hufundishwa kuhesabu mizani kwa kalamu, wakigonga silabi moja moja kwenye karatasi ya mtihani, minane na minane. Mwulize mwanafunzi neno mbaya lina mizani mingapi. Katika mtu mbaya, kiambishi m- cha ngeli ya kwanza hujitegemea kama silabi, tunapata m-ba-ya, mitatu. Katika nyumba mbaya, sauti hiyo imeungana na b, tunapata mba-ya, miwili. Maandishi ni yale yale. Ndivyo ilivyo pia kwa mbuni ambaye ni ndege na mbuni ambao ni mti wa kahawa. Kalamu haiwezi kutofautisha hayo. Sikio laweza, iwapo limesikia. Nimesahihisha majibu ya wanafunzi wanaodai kwamba shairi limevunja mizani ilhali wao ndio walioivunja kwa macho.

Hali hii inashangaza zaidi tukikumbuka mashairi hayo yalikotoka. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 haukuwekwa duniani usomwe kimya. Tendi zilighaniwa kwa mahadhi mbele ya watu, na Mwana Kupona alimtungia binti yake, ambaye alikusudiwa aushike moyoni. Sisi tunauonyesha ukutani kwa projekta. Katika semina moja ya ushairi ya uzamili niliyoihudhuria, shairi liliwekwa ukutani, tukapewa dakika mbili tulisome kimoyomoyo, kisha tukalichambua kwa saa nzima kwa nadharia tatu. Hakuna aliyelighani, si mhadhiri, si sisi. Tulikuwa watu 9 tuliobobea katika ushairi wa Kiswahili, na shairi lilitoka chumbani humo bila kutamkwa.

Mtu atanikumbusha tamasha za muziki za shule, ambako mashairi ya Kiswahili hughaniwa kila mwaka. Naam, hughaniwa, na baadhi ya wale vijana wana vipaji vya kutisha. Lakini shule yenye wanafunzi 800 huwafunza 30, na wale 770 hulisikia shairi siku ya kuwaaga wenzao tu, uwanjani, kwa kipaza sauti kinachokwaruza. Isitoshe, mtindo uliozoeleka huko wa kupaza sauti mwanzo hadi mwisho na kurusha mikono umewafanya wengi waamini kwamba shairi lisilopigiwa kelele halijaghaniwa. Mwalimu wangu wa dirishani hakuwahi kurusha mkono.

Ninayajua mapingamizi matatu, nayo nitayajibu kwa kadiri ninavyoweza.

La kwanza ni kwamba mwalimu mwenye lafudhi ya mama ataeneza makosa. Bora wanafunzi wasikilize kanda au rekodi ya msemaji wa pwani. Rekodi ni njema nami ningependa tuwe nazo nyingi. Hata hivyo, shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona na masomo yakarushwa redioni, niliketi na mdogo wangu sebuleni tukisikiliza vipindi vya Kiswahili. Sauti za watangazaji zilikuwa safi kuliko yangu. Mdogo wangu alisikiliza kwa dakika chache, akaenda kuchota maji, akarudi, redio haikujua kwamba aliondoka. Mwalimu anayesoma huinua macho. Huona uso uliopotea akarudia sentensi, huona uso uliochangamka akapunguza mwendo. Kuhusu lafudhi yenyewe, tukumbuke kwamba hata mtoto wa Mombasa anayesema ndoo kwa maana ya njoo analetwa kwenye Kiswahili sanifu cha vitabuni kutoka mahali pengine, ijapokuwa safari yake ni fupi kuliko yetu. Na tofauti baina ya kosa la matamshi na lafudhi haina budi kufundishwa. Kufua badala ya kuvua ni kosa, kwani maana imebadilika, nami nililazimika kulirekebisha. Mwinuko wa sauti unaonitambulisha kuwa ni mtu wa ziwani si kosa.

Pingamizi la pili huwa halisemwi waziwazi, ila lipo: kwamba Kiswahili cha fasihi si chetu sisi wa bara, sisi ni wageni na mgeni hasomi kwa sauti. Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa Mbukusu, na taifa zima lilimsikiliza akisoma habari za Kiswahili kwenye runinga. Tena tukilitazama ziwa hili letu upande wa pili, kisiwani Ukerewe, tunamkuta Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye lugha yake ya mama ilikuwa Kikerewe. Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ililitikisa jumba zima la ushairi wa Kiswahili kwa kuyaacha vina na mizani na kuisogelea lugha ya mazungumzo. Mashairi huru kama hayo yanahitaji sauti kuliko hata tarbia, maana hayana kina cha kumwonyesha msomaji mahali pa kutua; mwenye kuyasoma ndiye anayepaamua. Ukerewe huo huo ulitupa Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe kabla ya kuitafsiri kwa Kiswahili. Maji yanayopiga ufuo wa Dunga ni yale yale yanayopiga ufuo wa Ukerewe.

Wala kusikiliza si utamaduni tuliouazima. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ambamo wasichana na watoto walilala chini ya uangalizi wa bibi kizee aliyeitwa pim, naye akawasimulia ngano, vitendawili na habari za ukoo. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wamemwandika pim katika kitabu chao kuhusu Siaya cha mwaka 1989. Katika uandishi wa Cohen, jambo lililonigusa ni kwamba pim aghalabu alikuwa mtu aliyetoka mbali, na alileta katika nyumba ile maneno na habari za mahali pengine. Hakuwa mwenyeji kamili wa hapo alipokuwa akisimulia. Asenath Bole Odaga, aliyekusanya ngano za Kiluo na kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu mwaka 1982, alizitia vitabuni hadithi za aina hiyo, na Grace Ogot alizipata ngano kwa nyanya yake na hadithi za Agano la Kale kwa baba yake kabla hajaandika chochote. Ukoo wetu wa kusikiliza ni mrefu. Kinachohitajika ni kuuleta Kiswahili ndani ya nyumba hiyo, mlango ukiwa tayari u wazi.

Pingamizi la tatu ni muda, na hili nalijibu kwa hesabu. Nimejipima kwa saa: ukurasa mmoja wa riwaya hunichukua kama dakika 2 na nusu bila kukimbia. Mwalimu akitenga dakika 10 za vipindi vitatu kwa juma, muhula wa majuma 12 unampa saa 6, ambazo zatosha kusoma kurasa 140 na zaidi. Riwaya nyingi za kutahiniwa zitahitaji mihula miwili tu, nayo miaka ya kuzifundisha ipo. Muda tunaoutumia kuimla maelezo ya miongozo ni mrefu kuliko huo, nami nimewahi kuuimla.

Sidai kwamba kusomewa kutapandisha alama. Sina takwimu, na mimi mwenyewe sikudumu darasani kiasi cha kuzipata. Baada ya yale majuma mawili ya ukimya, yule yule kijana wa Kaloleni alinifuata kwenye ukumbi akaniuliza, "Mwalimu, yule baba hatimaye alirudi kutoka ziwani?" Nilimwambia asome mwenyewe, kitabu kipo. Akaniambia kwamba amekisoma mpaka hapo, lakini alitaka niendelee mimi. Nikaendelea. Wapo waliolala, na msichana mmoja aliyeketi nyuma hakuacha kusuka nywele za mwenzake hata siku moja. Mkuu wa idara aliniita mara mbili kunikumbusha silabasi. Nilifanya mazoezi ya neno vua usiku, midomo ya chini kwenye meno ya juu, mbele ya kioo, na bado mara moja nililikosa. Safari hiyo walicheka kidogo kisha wakanyamaza ili niendelee. Mazoezi yalikwisha nikiwa nimebakiza sura mbili za kitabu tulichokuwa tumeanza baada ya ile hadithi.

Mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026. Wale wanaojaza mapengo ya mfumo mpya ni sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili hivi sasa, nasi tutakwenda madarasani na ndimi zetu hizi. Kwa hivyo nina maombi mawili mahususi. Kwa wahadhiri wetu: mwanafunzi yeyote wa Kiswahili asipelekwe kufanya mazoezi ya kufundisha kabla hajawasomea wenzake sura nzima, wakamsikiliza na kumsahihisha pasi na kumwigiza, na shairi lolote linalochambuliwa katika semina lighaniwe kwanza na mtu mmoja aliye chumbani. Kwa wanachama wenzangu: tutenge saa moja kila juma, tuketi mahali, mmoja wetu asome na wengine wasikilize, pasiwepo na mjadala baadaye wala hati ya mahudhurio. Napendekeza tuanze na mashairi ya Kezilahabi. Ikiwa hakuna atakayejitolea kuwa wa kwanza, nitasoma mimi, nanyi wa kutoka pwani mkae mbele ili nikikosea v mniambie.